Vichwa vya treni vya mvuke vya kukata upepo Uingereza na utaifishaji wa 1948: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Picha ya Mallard, kichwa cha mvuke maarufu cha Uingereza, ikizungushwa mtandaoni, chini yake maswali huwa ni yale yale. Hakosekani wa kudai kwamba serikali ilipochukua reli mwaka 1948 ndiyo iliyovivua vichwa hivi maganda yao, yaani mabamba ya nje ya kukata upepo, na kuviharibu sura. Dai hilo ni tamu kulisimulia, ila miaka hailikubali. Majibu yafuatayo yanafuata miaka.

Tukisema vichwa vya kukata upepo, ni vipi hasa?

Kuanzia 1923 reli za Uingereza zilikuwa mikononi mwa kampuni nne kubwa: LMS upande wa magharibi hadi Scotland, LNER upande wa mashariki hadi Scotland vilevile, Great Western kuelekea Wales na Cornwall, na Southern kusini mwa London. Zote nne zilijaribu ganda, lakini hazikulichukulia kwa uzito mmoja.

LNER walijenga A4, vichwa 35, katika karakana ya Doncaster kati ya 1935 na 1938. Hivi ndivyo vyenye pua iliyolala kama kabari, na ndivyo watu wengi wanavyovijua. LMS walijenga Coronation kule Crewe. Jumla vilifika 38, lakini 24 tu ndivyo vilivyotoka karakana vikiwa na ganda. Southern walikuja mwishoni, mwaka 1941 katikati ya vita, na Merchant Navy 30, kisha wadogo zao West Country na Battle of Britain, 110 kwa pamoja.

Great Western walijaribu mwaka 1935 kwa vichwa viwili, King Henry VII na Manorbier Castle. Vilipachikwa pua ya mviringo kama bakuli na mabamba huku na kule, bila mtu kufikiria kichwa kizima. Vipande hivyo vilianza kubanduliwa kimoja kimoja baada ya muda mfupi. Sijawahi kukutana na mtu anayevisifia.

Wapo na wengine wachache wa LNER. B17 viwili, East Anglian na City of London, vilivalishwa ganda la aina ya A4 mwaka 1937. Kichwa cha pekee namba 10000 kilianza 1929 na boila ya majaribio ya shinikizo kubwa, kikajengwa upya 1937 kwa boila ya kawaida na sura ya A4. P2 vilikuwa na magurudumu manane ya kuendesha, na Edward Thompson, mhandisi wa LNER, akavigeuza kuwa Pacific za kawaida, zenye magurudumu sita ya kuendesha, mwaka 1943 na 1944, hivyo havikufika kwenye utaifishaji vikiwa na sura yao.

Kwa nini vilivalishwa ganda?

Sababu ya kwanza ilikuwa Ujerumani. Mwaka 1933 treni ya dizeli iitwayo Fliegender Hamburger ilianza kukimbia kati ya Berlin na Hamburg kwa kasi iliyowashtua watu wa reli Ulaya nzima. Nigel Gresley, mhandisi mkuu wa LNER, alikwenda kuipanda. Kampuni iliomba makadirio ya treni kama hiyo kwa njia ya London hadi Newcastle, na jibu lililokuja lilikuwa saa nne na robo. Gresley aliamini kwamba mvuke ungeweza kufanya vizuri zaidi, tena na mabehewa mengi na ya starehe. Machi 1935 kichwa cha kawaida cha A3, Papyrus, kilifika kilomita 174 kwa saa katika majaribio, na mjadala ukaishia hapo.

A4 cha kwanza, Silver Link, kilitoka Doncaster Septemba 1935. Tarehe 27 mwezi huo, katika safari ya kuwaonyesha waandishi wa habari, kiligusa kilomita 181 kwa saa. Siku tatu baadaye treni ya Silver Jubilee ilianza kazi: London hadi Newcastle, kilomita 432, kwa saa nne kamili. Jina lilitokana na miaka 25 ya Mfalme George V kwenye kiti, na kila kitu kilipakwa rangi ya fedha, kichwa na mabehewa. Umbo la kabari Gresley alilipata kwa kuangalia treni ndogo za injini zilizoundwa na Bugatti kule Ufaransa, kisha likapimwa kwenye handaki la upepo la maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza.

Sababu ya pili ni biashara. Miaka ya thelathini kila kitu kipya kilitakiwa kionekane kinakimbia, hata redio ya mezani. LNER na LMS walikuwa wakigombania abiria wa Scotland, na sura ya kichwa ndiyo iliyokwenda kwenye mabango.

Ganda lilisaidia kweli, au yalikuwa mapambo?

Yote mawili, kutegemea kasi. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, na nguvu inayohitajika kuushinda hukua kwa mchemraba. Kwa hiyo kwenye kilomita 150 kwa saa ganda linaokoa nguvu ya maana, na kwenye 80 akiba ni ndogo kiasi kwamba uzito wa mabamba yenyewe unaila. A4 walipata na faida nyingine ambayo madereva waliithamini kuliko ya kwanza: umbo la pua lilirusha moshi juu ya paa, ukaacha kushuka mbele ya madirisha ya dereva.

Kwa Coronation hoja ni dhaifu zaidi. Februari 1939 kichwa cha aina hiyo kilichojengwa bila ganda, Duchess of Abercorn, kilipewa mabehewa 20 kati ya Crewe na Glasgow, mzigo wa zaidi ya tani 600. Vipimo vilionyesha zaidi ya nguvu farasi 3,300 kwenye silinda, kiwango ambacho kichwa kingine cha mvuke cha Uingereza hakikuwahi kurekodiwa kukifikia. Nguvu ilikuwa ndani ya boila na njia za mvuke. Stanier mwenyewe, mhandisi mkuu wa LMS, hakuwa mpenzi mkubwa wa ganda. Idara ya matangazo ndiyo iliyolitaka.

Rekodi ya Mallard ni ya kweli? Si alikuwa anateremka?

Ni ya kweli, na ndiyo, ilikuwa kwenye mteremko. Tarehe 3 Julai 1938, kwenye mteremko wa Stoke kati ya Grantham na Peterborough, Mallard kikiwa na mabehewa saba, mojawapo likiwa behewa la vipimo, kilifika maili 126 kwa saa, yaani kilomita 203. Dereva alikuwa Joe Duddington na fayamani wake Tommy Bray. Kichwa hicho kilichaguliwa kwa sababu kilitoka karakana na dohani mbili za mfumo wa Kylchap, ambao huuacha mvuke utoke kwa urahisi.

Beringi kubwa ya silinda ya katikati ilipata moto, treni ikasimama Peterborough, na London ikafikiwa na kichwa kingine. Wajerumani nao wana lao la kusema: kichwa chao 05 002 kilifika 200.4 mwaka 1936 bila kusaidiwa na mteremko wa namna ile. Mabishano haya hayataisha leo. Kwa karatasi, rekodi ya vichwa vya mvuke duniani ni ya Mallard.

LMS nao walikuwa na siku yao. Tarehe 29 Juni 1937 kichwa cha Coronation kilifika maili 114 kwa saa, kilomita 183, kikielekea Crewe, na kikaingia kwenye njia za kupishana za stesheni kwa kasi kubwa mno. Vyombo vya behewa la chakula vilivunjika. Treni haikuanguka, na kampuni ikatangaza ushindi.

Basi nani alivivua maganda?

Vita, kisha kampuni zenyewe. Serikali ilikuta kazi karibu imekwisha.

Mafundi hawakulipenda ganda tangu siku ya kwanza. Ukitaka kukagua beringi, kutia mafuta kwenye mikono ya magurudumu au kufuata bomba linalovuja, lazima kwanza ufungue mabamba. Wakati wa amani kulikuwa na watu wa kutosha. Vita ilipoanza mwaka 1939 treni za kasi zilifutwa, mafundi wakaenda jeshini, na vichwa vilivyobuniwa kuvuta mabehewa machache kwa kasi vikapewa treni ndefu zilizojaa askari. Kuanzia 1941 LNER waliondoa kwenye A4 mabamba ya pembeni yaliyofunika magurudumu. Hayakurudishwa. Ndiyo maana picha za kabla ya vita zinaonyesha A4 kama kimevaa kanzu hadi chini, na za baadaye zinaonyesha magurudumu yote wazi. Sehemu ya juu, pamoja na pua, ilibaki hadi siku ya mwisho ya kazi.

Vita vilichukua na kichwa kimoja kizima. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 1942 ndege za Ujerumani zilipiga York, na kichwa 4469 Sir Ralph Wedgwood kikaharibiwa ndani ya shedi. Kwa hiyo A4 zilizoingia mikononi mwa serikali zilikuwa 34.

LMS walikata shauri kubwa zaidi: kuondoa ganda lote. Walianza 1946, wakati kampuni ingali ya wenye hisa, na waliendelea kila kichwa kilipofika zamu yake ya matengenezo makubwa. Cha mwisho kilikuwa City of Lancaster, mwaka 1949. Hicho ndicho kilichopata namba ya serikali, 46243, kikiwa bado na ganda, na picha zake za kipindi hicho zinatafutwa sana na wakusanyaji. Vichwa vilivyovuliwa vilibaki kwa miaka na alama ya zamani: sehemu ya mbele ya boila ilikuwa imekatwa mshazari juu ili ienee chini ya ganda, na ilionekana hivyo mpaka ilipobadilishwa.

Palipo na mkono wa serikali kweli ni kwa B17 mbili, zilizovuliwa 1951. Zilikuwa zikivuta treni za mashariki mwa Uingereza ambazo hazikuwahi kuhitaji ganda.

Utaifishaji wenyewe ulikuwaje?

Sheria ya Uchukuzi ya 1947, chini ya serikali ya chama cha Labour ya Clement Attlee, ilianza kazi tarehe 1 Januari 1948. Kampuni nne zilikoma, mali ikawa ya Tume ya Uchukuzi ya Uingereza, na reli zikaendeshwa kwa kanda sita. Wenye hisa walilipwa kwa hati za serikali. Njia zilikuwa zimechoka kwa vita, makaa mazuri yalikuwa adimu, na chuma kiligawiwa kwa mgao.

Miezi minne baadaye, tarehe 1 Mei 1948, reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na zile za Tanganyika kuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Huku kwetu haukuwa utaifishaji, maana tayari zilikuwa mali za serikali za kikoloni.

Namba zilibadilikaje?

Hili huwachanganya wengi, kwa sababu kichwa kimoja kinaweza kuwa na namba tatu kwenye picha tatu. Mallard kilizaliwa 4468. Mwaka 1946 LNER walipanga upya namba zao zote, kikawa 22. Serikali ilipokuja iliongeza 60000, kikawa 60022. Sir Nigel Gresley kilipita 4498, kisha 7, kisha 60007.

Kanuni ya jumla ilikuwa rahisi: vya LNER viliongezewa 60000, vya LMS 40000, vya Southern 30000, na vya Great Western viliachwa kama vilivyo kwa sababu namba zao zilikuwa mabamba ya shaba yaliyosubuliwa. Bulleid, mhandisi mkuu wa Southern, alikuwa amebuni mtindo wake mwenyewe unaotaja magurudumu ndani ya namba, hivyo Merchant Navy cha kwanza kiliitwa 21C1. Huo ulitupwa, kikawa 35001. Mtindo ule ulikuwa na mantiki yake, lakini karani wa shedi hakuhitaji kufanya hesabu kila akiandika daftari.

Na rangi?

A4 nne za kwanza zilikuwa za kijivu cha fedha. Zilizofuata nyingi zilipakwa buluu iliyokolea yenye magurudumu mekundu, na hiyo ndiyo rangi ya Mallard leo. Coronation za mwanzo zilikuwa buluu zenye michirizi ya fedha iliyokutana puani, kisha zikaja nyekundu zenye michirizi ya dhahabu. Wakati wa vita karibu kila kitu kikawa cheusi.

Mwaka 1948 wakuu wapya walitoa vichwa vya rangi mbalimbali kwa majaribio ili wao na umma wavitazame. Kwa vichwa vikubwa vya abiria ilichaguliwa buluu yenye mistari myeusi na myeupe, na ikaanza kutumika 1949. Ilipauka upesi na haikuvumilia masizi. Kuanzia 1951 ikaachwa, vyote vikapakwa kijani kibichi kilichofanana na kile cha Great Western, jambo lililowafurahisha watu wa Swindon, karakana ya Great Western, na kuwaudhi wengine wote. Mwishoni mwa miaka ya hamsini baadhi ya Coronation, 16 kwa hesabu, zilirudishiwa wekundu wa LMS.

Nikiulizwa, A4 kwa kijani hicho hakikupendeza. Umbo lile linataka rangi moja pana isiyokatwakatwa na mistari.

Ni kweli serikali ilivishindanisha vichwa hivi?

Mwaka 1948 yalifanyika majaribio ya kubadilishana: vichwa vya kila kampuni ya zamani vilipelekwa kwenye njia za wenzao, na behewa la vipimo nyuma yake. A4 zilikwenda magharibi na kusini, Coronation na Merchant Navy zikazunguka, na Yeovil, kichwa cha West Country kutoka kusini, kikapelekwa mpaka milima ya Scotland na kikashangaza watu kwa nguvu zake.

A4 ndizo zilizotumia makaa kidogo kuliko wenzao kwa kazi iliyofanyika. Lakini ugonjwa ule wa beringi ya katikati ulizirudia ugenini, na zaidi ya moja ilitolewa treni njiani. Vya Bulleid vilikuwa na nguvu na vilikula makaa. Matokeo hayakumpa ushindi yeyote, na Robert Riddles, aliyekuwa na dhamana ya vichwa vya treni katika uongozi mpya, angeunda aina zake mwenyewe vyovyote ambavyo vipimo vingesema.

Kwa nini aina mpya za serikali hazikuwa na ganda?

Riddles alitaka kichwa ambacho fundi mmoja mwenye spana angekifikia kila mahali bila kufungua bamba lolote. Britannia cha kwanza, cha Januari 1951, kina silinda mbili tu, zote nje, na njia ya kutembelea imeinuliwa juu ili magurudumu na mabomba yaonekane. Aina zake zote zilifikia vichwa 999, na cha mwisho, Evening Star, kilikamilika Machi 1960. Riddles alikuwa ameuona upande wa pili wa jambo hili. Alikuwa mtu wa LMS, na ndiye aliyesafiri na treni ya Coronation ilipotembezwa Amerika mwaka 1939.

Hivi serikali haikujenga hata kimoja chenye ganda?

Ilijenga kadhaa, na hapa ndipo dai la kwamba iliyachukia maganda linapovunjika kabisa. Oliver Bulleid alikuwa amemsaidia Gresley Doncaster kabla ya kwenda Southern mwaka 1937. Merchant Navy zake zilikuwa na mabamba bapa ubavuni, yakiinuka wima kutoka juu ya magurudumu hadi karibu na kilele cha boila. Yeye hakudai kwamba yanakata upepo. Alitaka yasafishwe kwa mashine ile ile iliyosafisha mabehewa. Watu wa reli waliviita makopo ya nyama.

Utaifishaji ulikuta Merchant Navy 20. Serikali ikakamilisha 10 zaidi, zote na ganda. Wadogo zao waliendelea kujengwa hadi Januari 1951, na 40 kati ya 110 ni wa wakati wa serikali.

Tatizo lilikuwa chini ya mabamba. Bulleid aliendesha valvu kwa minyororo, akaifungia pamoja na mikono ya silinda ya ndani katika sanduku lililojaa mafuta, akitumaini kwamba fundi hatahitaji kuligusa kwa muda mrefu. Sanduku lilivuja. Minyororo ililegea kadiri ilivyochakaa, na mvuke ukawa hauingii kwa wakati unaotakiwa. Mafuta yaliyomwagika yalilowesha vitambaa vya kuzuia joto vilivyozunguka boila, cheche zikaruka, na kichwa kikawaka moto njiani na wazimamoto wakaitwa. Moshi nao ulishuka mbele ya dereva, kinyume na A4. Magurudumu yaliteleza ovyo wakati wa kuondoka. Lakini boila ilikuwa miongoni mwa bora kabisa nchini, haikuishiwa mvuke hata kwa makaa mabovu, na hilo ndilo lililowafanya mafundi wasivikatie tamaa.

Aprili 1953 ekseli ya Bibby Line ilivunjika kichwa kikiwa katika mwendo karibu na Crewkerne. Merchant Navy zote zilisimamishwa kwa ukaguzi. Baada ya hapo uamuzi ulikuwa kujenga upya, kazi iliyopangwa na Ron Jarvis. Ganda liliondolewa, minyororo na sanduku la mafuta vikatupwa, na mfumo wa kawaida wa Walschaerts ukawekwa. Boila ikaachwa. Merchant Navy zote 30 zilipitia hayo kati ya 1956 na 1959, na 60 kati ya wadogo zao hadi 1961. Zilizobaki 50 zilikufa na makopo yao.

Cha kwanza kutoka na sura mpya, Februari 1956, kilikuwa 35018 British India Line. Merchant Navy zilipewa majina ya kampuni za meli, na hii ni kampuni ile ile ambayo meli zake zilitia nanga Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kwa miaka mingi. Nyingine, 35002, iliitwa Union Castle.

Binafsi naona hapa serikali ilifanya kazi nzuri kuliko kampuni iliyotangulia. Vilivyojengwa upya vilikuwa imara hadi mwisho: Juni 1967, wiki chache kabla mvuke haujakoma kusini, 35003 Royal Mail bado kilipita kilomita 160 kwa saa.

A4 ziliharibika chini ya serikali?

Kinyume chake. Miaka yake bora huenda ikawa ile ya hamsini. Kenneth Cook, mtu wa Great Western, alihamishiwa Doncaster na akaleta utaratibu wa Swindon wa kunyoosha fremu kwa vifaa vya kupimia vya lenzi. Beringi ya katikati ikaundwa upya, na ugonjwa wa tangu siku za Gresley ukapungua sana. Kampuni zingebaki mahasimu, siri za Swindon zisingefika Doncaster. Kisha mwaka 1957 na 1958 A4 zote zilizobaki zikawekewa dohani mbili za Kylchap, ambazo hadi hapo zilikuwa kwenye nne tu.

Kazi waliyoifanya ilikuwa kubwa. Kila kiangazi kuanzia 1953 hadi 1961 treni ya Elizabethan ilikwenda London hadi Edinburgh, kilomita 632, bila kusimama. Behewa la makaa na maji lilikuwa na ujia mwembamba ubavuni, na katikati ya safari dereva na fayamani wa pili walitoka kwenye mabehewa ya abiria wakapita humo kuwapokea wenzao. Agosti 1948 mafuriko yaliposomba madaraja mpakani mwa Scotland, treni zililazimika kuzunguka hadi karibu kilomita 658, na baadhi ya madereva wakaimaliza bila kusimama hivyo hivyo. Mei 1959 Sir Nigel Gresley, dereva akiwa Bill Hoole, kilifika kilomita 180 kwa saa kwenye mteremko ule ule wa Stoke.

Mwisho uliletwa na dizeli. Mpango wa 1955 ulikuwa umeamua kuacha mvuke, na mwaka 1961 na 1962 zikaingia Deltic 22, vichwa vya dizeli, kuchukua treni za haraka. Silver Link kiliondolewa kazini mwishoni mwa 1962 na kikakatwa kuwa chuma chakavu, hasara ambayo wengi hawajaisamehe. Mallard kilistaafu Aprili 1963. Zilizobaki zilipelekwa Scotland zikavuta treni za saa tatu kati ya Glasgow na Aberdeen hadi Septemba 1966.

Vimebaki vingapi, na viko wapi?

A4 sita. Mallard kiko Jumba la Makumbusho ya Reli la Taifa, York. Dwight D. Eisenhower kiko Green Bay, Wisconsin, na Dominion of Canada karibu na Montreal. Sir Nigel Gresley, Bittern na Union of South Africa viko Uingereza. Mwaka 2013 vyote sita vilikusanywa York kwa miaka 75 ya rekodi, viwili vikiwa vimevushwa Atlantiki kwa meli.

Coronation tatu zipo. Duchess of Hamilton, ambacho mwaka 1939 kilibadilishwa jina na namba kikatembezwa Amerika kama Coronation, kimevalishwa ganda upya na tangu 2009 kinaonekana York kikiwa na sura yake ya kwanza.

Vya Bulleid vimebaki vingi, Merchant Navy 11 na wadogo zao 20. Sababu ni Dai Woodham, mnunuzi wa chuma chakavu wa Barry, Wales. Alishughulika kwanza na kukata mabehewa ya mizigo, vichwa vikakaa uwanjani kwake miaka mingi, na wapenzi wakapata nafasi ya kuchanga na kuvinunua. Kimojawapo cha wadogo ambacho hakikupitia kwake ni Winston Churchill, kilichovuta treni ya mazishi ya mwenye jina hilo tarehe 30 Januari 1965. Kiko makumbusho, kikiwa bado na ganda.

Nimesikia kulikuwa na vichwa vilivyoitwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Navyo vilikuwa na ganda?

Vilikuwapo, lakini havikuwa na ganda. Ni vya aina ya Jubilee ya LMS, vichwa vya magurudumu manne madogo mbele na sita ya kuendesha, ambavyo baadhi vilipewa majina ya makoloni. Baada ya 1948 vilikuwa 45613 Kenya, 45631 Tanganyika, 45636 Uganda na 45638 Zanzibar. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne kilichohifadhiwa. Mwenzao 45610 Gold Coast kilibadilishwa jina kuwa Ghana baada ya nchi hiyo kupata uhuru.